Mwongozo kamili: Kupima dondoo za mitishamba dhidi ya seli za saratani kali ya matiti ukiwa Mwanza

Dawa inaua seli kwa asilimia 90 kwenye maabara moja, ikipelekwa ya pili haiui kitu. Au inatokea kinyume: majani ambayo waganga wa Magu na Ukerewe wanayaheshimu yanaonekana hayana nguvu, kumbe rangi yake imeficha vifo vya seli. Malalamiko haya yanarudi kila wanafunzi wanapoandika tasnifu zao, na mara nyingi kosa limefanyika kabla seli hazijaguswa.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, fundi sanifu wa maabara au mtafiti mchanga wa Kanda ya Ziwa. Seli tutakazotumia ni MDA-MB-231. Hazina vipokezi vya estrojeni wala projesteroni, na hazina protini ya HER2 kwa wingi. Kwa hiyo dawa za homoni na zile zinazolenga HER2 hazizishiki, na ndiyo maana kundi hili la saratani huitwa hasi-tatu.

Kabla ya lolote: matokeo ya pleti (sahani ya plastiki yenye visima vidogo vya kuoteshea seli) hayampi mtu ruhusa ya kumnywesha mgonjwa dondoo. Hata jiki inaua seli za saratani kwenye pleti. Mama mwenye uvimbe kwenye titi aende hospitali mapema, na kama anatumia mitishamba amwambie daktari wake.

## Vitu vya kuandaa

Vya mmea
- Magazeti na mbao za kubania sampuli, mifuko ya karatasi, mizani
- Kinu au mashine safi ya kusagia, isiyosaga nafaka wala viungo
- Ethanoli ya maabara na maji yaliyotoneshwa mara mbili
- Karatasi ya kuchujia Whatman namba 1
- Rotavapa, yaani mtambo wa kuvukiza kiyeyushi kwa ombwe
- DMSO ya daraja la seli (kimiminika cha kuyeyushia dondoo), na chujio za mikromita 0.22 za nailoni au PTFE

Vya seli
- MDA-MB-231 kutoka benki ya seli, zenye cheti cha utambulisho wa vinasaba
- Seli za kawaida za titi, MCF-10A
- Midia (kimiminika cha kulishia seli), seramu ya ndama, tripsini (kimeng'enya cha kung'oa seli kwenye flaski), PBS (maji ya chumvi ya kusuuzia) na tripani bluu
- Kabati la usalama wa kibiolojia daraja la 2, inkubeta ya nyuzi 37, hadubini ya lenzi za chini
- Flaski za kuoteshea, pleti za visima 96 na visima 6
- Chemba ya Neubauer, ileile inayotumika kuhesabu seli za maji ya uti wa mgongo
- Naitrojeni ya kimiminika, au friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri kwa muda mfupi

Vya kusomea
- MTT, rangi ya sulforodamini B (SRB), asidi ya TCA, asidi ya asetiki, Tris
- Doksorubisini kama dawa ya kulinganishia
- Mashine ya kusomea pleti za ELISA

Fungua mashine hiyo ya ELISA uangalie filta zake sasa, usisubiri siku ya kusoma. Nyingi huja na 405, 450, 490 na 630 tu, wakati MTT inataka karibu na nanomita 570, na SRB inasomwa vizuri kati ya 510 na 565. Ukiwa na 490 peke yake, SRB bado inasomeka ingawa kwa nguvu ndogo. Kwa MTT usiitegemee filta hiyo.

Umeme nao upangiwe. Inkubeta iwe kwenye UPS na jenereta, na chupa za seli zilizogandishwa zihifadhiwe sehemu mbili tofauti. Friza moja ikizima mwishoni mwa wiki, mradi mzima umekwenda.

## Vibali

Ukihoji waganga au kutumia sampuli za watu, pitia kamati ya maadili ya taasisi yako na ile ya taifa iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kuchuma kwenye msitu wa hifadhi kunahitaji ruhusa ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Andikiana makubaliano na mganga kabla hajakuonyesha mti, si baada ya matokeo kupendeza. Na usipeleke hata gramu moja nje ya nchi bila mkataba wa kuhamisha sampuli.

## Hatua ya 1: Utambue mmea kwa uhakika

Nenda shambani na mganga mwenyewe. Muulize anatumia sehemu gani, anachuma lini, anachemsha au analoweka, kwa maji kiasi gani. Ukimwambia tu, "Mzee, naomba unionyeshe dawa ya uvimbe," atakuonyesha mti. Ukikaa naye akitayarisha, utapata dawa kama anavyoitoa.

Chuma tawi lenye maua au matunda, libane kwenye gazeti, lipe namba, kisha mtaalamu wa mimea alitambue. Hifadhi ya taifa ya mimea ipo Arusha. Jina la Kisukuma, Kikerewe au Kijita peke yake halitoshi, kwa sababu mimea miwili tofauti inaweza kubeba jina moja vijiji viwili tu mbali.

Onyo la mahali pa kuchuma. Usichimbe mizizi karibu na mialo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu Geita, Misungwi au Sengerema. Zebaki iliyo kwenye udongo inaweza kuingia kwenye mzizi, na zebaki inaua seli vizuri sana. Kingo za mashamba ya pamba nazo ziepuke kwa sababu ya viuatilifu, na barabara kuu pia.

Onyo la minyaa. Boma nyingi za Usukumani zimezungushiwa minyaa, *Euphorbia tirucalli*, na wapo wanaotumia utomvu wake kwa uvimbe. Utomvu huo unaua seli kwenye pleti, lakini una kemikali za kundi la forboli ambazo huchochea uvimbe kukua. Pia huamsha virusi vya Epstein-Barr, na watafiti wameuhusisha na saratani ya Burkitt inayowapata watoto wa ukanda huu wa ziwa. Kama unaupima, vaa miwani na glavu kwa sababu unaunguza macho, na usiandike popote kwamba ni tiba.

*Umefaulu ukiwa na:* jina la kisayansi lililothibitishwa, namba ya sampuli, mahali, tarehe na sehemu ya mmea.

## Hatua ya 2: Kausha na usage

Osha haraka, tandaza kivulini penye upepo, geuza kila siku. Jua kali huharibu baadhi ya kemikali. Msimu wa masika hewa ya ziwani huwa nzito na majani huota ukungu kabla hayajakauka; hapo tumia kikaushio kisichozidi nyuzi 40. Jani lenye ukungu litupe lote, maana sumu za ukungu zitakuletea vifo vya seli ambavyo si vya mmea.

*Umefaulu:* jani linavunjika kwa sauti ukilikunja, na unga una rangi moja.

## Hatua ya 3: Toa dondoo

Loweka gramu 100 za unga kwenye lita 1 ya ethanoli ya asilimia 70, saa 48 hadi 72, ukitikisa mara kwa mara. Chuja, kisha vukiza kwa rotavapa kwenye maji yasiyozidi nyuzi 40. Tengeneza pia dondoo la maji kwa jinsi mganga anavyochemsha, kisha uligandishe na kulikausha kwa ombwe. Hili la pili wengi huliruka, na ndilo pekee linalofanana na kile watu wanachokunywa.

Usitumie spiriti ya dukani ya kuwashia. Ina methanoli na rangi.

Pima uzito wa dondoo, gawa kwa uzito wa unga, zidisha kwa 100. Gramu 9 kutoka gramu 100 ni asilimia 9. Iandike, bila namba hiyo hakuna atakayeweza kurudia kazi yako.

*Umefaulu:* uzito haubadiliki ukipima leo na kesho, na hakuna harufu ya ethanoli. Ethanoli iliyobaki ni muuaji mwingine wa seli.

## Hatua ya 4: Yeyusha na uchuje

Yeyusha miligramu 100 za dondoo kwenye mililita 1 ya DMSO. Chuja kwa chujio la nailoni au PTFE. Yale ya selulosi asetati yanayeyuka ndani ya DMSO, na unachopata ni supu ya dondoo na plastiki. Gawa kwenye vichupa vidogo, hifadhi nyuzi 20 chini ya sifuri, na kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu.

Kutoka kwenye myeyusho huo, dozi ya juu ya mikrogramu 200 kwa mililita itabeba DMSO ya asilimia 0.2. Kiwango hicho seli zinakivumilia. Ukipita asilimia 0.5 unaanza kupima DMSO.

Sasa dondosha dozi ya juu kwenye midia yenye seramu na uiache kwenye nyuzi 37 usiku mzima. Asubuhi itazame kwa hadubini. Ukiona chembe au utando, dondoo halikuyeyuka, au tanini zake zimegandisha protini za seramu. Shusha dozi ya juu hadi pale midia inapobaki angavu. Angalia na rangi ya midia: ikigeuka njano dondoo ni tindikali, ikienda waridi-zambarau ni alkali. Irekebishe kabla ya kuendelea, la sivyo tindikali ndiyo itakayoua.

## Hatua ya 5: Jaribu dondoo bila seli

Ukiruka hatua hii, zilizobaki hazina maana.

MTT ni unga wa njano. Seli hai huubadili kuwa zambarau, na tunasoma kina cha zambarau kama idadi ya seli hai. Tatizo ni kwamba polifenoli, zilizojaa kwenye magome na majani mengi tunayopima, zinaweza kuibadili MTT zenyewe. Unaweka dondoo kwenye kisima kisicho na seli hata moja, unaongeza MTT, unarudi baada ya saa 3, na kisima kina zambarau iliyokolea.

Fanya hivi. Kwenye pleti tupu weka dozi zako zote ndani ya midia, visima vitatu kila dozi, na visima vya midia pekee. Ongeza MTT hadi miligramu 0.5 kwa mililita. Weka kwenye inkubeta saa 4, kisha yeyusha zambarau na usome karibu na nanomita 570, kama ambavyo ungefanya kwa pleti ya seli.

Tuseme midia pekee inasoma 0.05, na midia yenye dondoo inasoma 0.31. Kwenye pleti ya seli, kisima chenye dawa kinasoma 0.62 na kile cha DMSO pekee 1.05.

- Asiyejua atatoa 0.05 kila mahali: 0.57 kwa 1.00, asilimia 57 ya seli ziko hai.
- Anayejua atatoa 0.31 kwa kisima chenye dawa: 0.31 kwa 1.00, asilimia 31 tu ndizo hai.

Mmea ni uleule na pleti ni ileile. Mmoja anautupa kama dhaifu, mwingine anaona unastahili kuendelea.

Kama dondoo linapandisha usomaji kwa zaidi ya 0.1 juu ya midia, acha MTT. Ushauri wangu ni kutumia SRB kwa mimea yote tangu mwanzo. SRB inashika protini za seli, haitegemei kemia ya kubadili rangi, na ina faida kubwa kwa mazingira yetu: pleti ikishagandishwa (yaani seli zikishakazwa chini kwa TCA, si kuwekwa kwenye friza) na kukaushwa inaweza kukaa. Umeme ukikatika, au ukilazimika kuipeleka pleti kwenye mashine ya taasisi nyingine mjini, hupotezi kitu.

## Hatua ya 6: Amsha seli na uzijue

Zipokee seli kutoka benki inayotambulika. Za kupewa na rafiki zina hatari: MDA-MB-435 zilitumika miaka mingi kama saratani ya matiti, hadi vinasaba vilipoonyesha kwamba ni ukoo mmoja na M14, seli za melanoma, saratani ya ngozi.

Zikifika, yeyusha kichupa kwenye maji ya nyuzi 37 kwa dakika 1 hadi 2 tu, hadi barafu ibaki kipande kidogo. DMSO iliyo ndani inaziumiza zikishaamka, kwa hiyo zihamishie haraka kwenye midia vuguvugu, zizungushe kwenye sentrifuji taratibu, mwaga kimiminika cha juu, ongeza midia mpya.

Kuhusu midia, chagua moja kati ya njia mbili na usizichanganye:

Una inkubeta ya kaboni dayoksaidi: tumia DMEM yenye seramu ya asilimia 10, gesi asilimia 5. Uwe na mtungi wa pili uliojaa muda wote.

Huna gesi: tumia Leibovitz L-15 yenye seramu ya asilimia 10, kwenye inkubeta ya kawaida yenye trei ya maji. Midia hii imetengenezwa kwa hewa ya kawaida, na ndiyo ambayo benki ya ATCC inaipendekeza kwa MDA-MB-231. Ukiiweka kwenye gesi inageuka njano na seli zinaharibika; ukiiweka DMEM nje ya gesi inageuka waridi kali. Wengi wamelaumu seli kwa kosa hili. Ila MCF-10A zinahitaji gesi na midia yake maalumu yenye seramu ya farasi, insulini na vichocheo vya ukuaji, hivyo sehemu hiyo ifanyie kwenye maabara mshirika.

Maji ya kutengenezea midia yasiwe ya bomba wala ya kuchemsha. Maji ya Mwanza yanatoka ziwani na yametiwa klorini.

Kuna jambo la otoklevu, chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu, ambalo vitabu vya pwani havilisemi. Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi. Geji ikionyesha paundi 15, ndani joto liko karibu nyuzi 119, wala si 121. Unahitaji takribani paundi 17, kama chombo kimeruhusiwa kufika hapo. Kama hakikuruhusiwa, ongeza muda. Amini kipimajoto na vipimo vya vijidudu kuliko geji.

Pima maikoplazma, bakteria wadogo sana wanaovamia seli za maabara, kwa PCR kila mwezi. Huioni kwa hadubini, haiwi na mawingu kama bakteria wengine, na inabadili jinsi seli zinavyoitikia dawa.

*Umefaulu:* seli zimeshika chini, zimerefuka kama visokotio, na zinaongezeka maradufu kwa siku moja na nusu hivi. Zitumie zikiwa zimejaza asilimia 70 hadi 80 ya flaski.

## Hatua ya 7: Hesabu na upande

Suuza kwa PBS, weka tripsini dakika 3 hadi 5, zuia kwa midia yenye seramu. Changanya sehemu sawa na tripani bluu, hesabu kwenye chemba. Zilizokufa ni za bluu. Zilizo hai zikiwa chini ya asilimia 90, usipande siku hiyo.

Mfano: wastani wa seli 45 kwa mraba mkubwa, mara 2 kwa sababu ya rangi, mara 10,000, ni seli 900,000 kwa mililita. Unataka seli 5,000 ndani ya mikrolita 100, yaani 50,000 kwa mililita. Chukua mililita 0.5 ya seli, ongeza mililita 8.5 za midia. Hiyo inatosha pleti mbili na ziada.

Mpangilio wangu wa pleti ni huu:

- Visima vyote vya pembeni vijazwe PBS. Vinakauka haraka na vitakudanganya.
- Mistari B, C na D ipandwe seli.
- Mistari E, F na G iwekwe midia bila seli. Hivi ni visima pacha.
- Safu 2: midia tu. Safu 3: DMSO asilimia 0.2.
- Safu 4 hadi 10: dozi saba za dondoo.
- Safu 11: doksorubisini mikromola 5.

Kila kisima chenye seli kina pacha wake asiye na seli, mwenye dawa ileile. Pleti inaonekana kama imepotezwa nusu, na wasimamizi wengine watakuambia hivyo. Usikubali kupunguza.

Panda pia pleti ndogo ya saa sifuri, kwa ajili ya kujua ulianza na seli ngapi. Acha pleti dakika 20 kwenye meza tulivu kabla ya kuziingiza kwenye inkubeta, ili seli zisikusanyike pembeni mwa kisima. Ziache zishike usiku mzima.

## Hatua ya 8: Weka dawa

Tengeneza dozi ya juu mara mbili, mikrogramu 400 kwa mililita, ambayo ina DMSO asilimia 0.4. Punguza nusu kwa nusu kwa kutumia midia yenye DMSO asilimia 0.4, ili kila dozi iwe na DMSO sawa. Hapa ndipo wengi huteleza: wanapunguza kwa midia tupu, DMSO inashuka pamoja na dawa, na mchoro unaonyesha nguvu mbili zilizochanganyika.

Weka mikrolita 100 juu ya 100 zilizomo. Dozi za mwisho zitakuwa 200, 100, 50, 25, 12.5, 6.25 na 3.125. Wakati uleule gandisha pleti ya saa sifuri kwa TCA, kama ilivyo kwenye Hatua ya 9. Zilizobaki zirudishe kwenye inkubeta saa 72.

Kila siku zitazame na uzipige picha. Seli zinazokufa hujikunja, huwa mviringo na kuachia sakafu. Ukiona zimetulia vizuri huku mashine ikisema zimekufa, amini macho yako na utafute kosa.

## Hatua ya 9: Gandisha, paka rangi, soma

1. Bila kumwaga midia, weka taratibu mikrolita 50 za TCA baridi ya asilimia 50 kwenye kila kisima. Acha nyuzi 4 kwa saa 1. Ukimimina kwa nguvu seli zitang'oka.
2. Suuza kwa maji mara tano, acha ikauke kabisa.
3. Weka SRB asilimia 0.4 ndani ya asidi ya asetiki asilimia 1, dakika 30.
4. Suuza haraka kwa asidi ya asetiki asilimia 1 mara nne au tano, mpaka visima pacha visiwe na rangi. Acha ikauke.
5. Weka mikrolita 200 za Tris milimola 10 yenye pH 10.5, tikisa dakika 10, soma.

Onyo. TCA inaunguza ngozi. Na mabaki yake usiyachanganye na jiki, kwa sababu asidi na jiki hutoa gesi ya klorini. Mabaki ya seli yaende kwenye jiki, ya asidi kwenye chombo chake, ya doksorubisini kwenye taka za dawa za saratani.

*Umefaulu:* DMSO pekee inasoma kati ya 0.8 na 1.5, midia tupu na DMSO hazitofautiani, doksorubisini imeshusha seli chini ya nusu, na visima vitatu vya dozi moja vinakaribiana. Kimoja kati ya hivi kikikosekana, pleti haina jibu. Irudie hata kama matokeo ya dondoo yanapendeza.

## Hatua ya 10: Piga hesabu

Asilimia ya seli hai = (kisima chenye dawa − pacha wake) ÷ (kisima cha DMSO − pacha wake) × 100.

Chora dozi kwa kipimo cha logi dhidi ya asilimia, kisha tafuta IC50, dozi inayobakisha nusu. Programu ya R ni ya bure na inaifanya kazi hii vizuri. Kama nusu haikufikiwa, andika "zaidi ya 200". Usibashiri nje ya dozi ulizopima.

Linganisha na saa sifuri pia. Seli zikiwa pungufu kuliko ulivyoanza, dawa inaua. Zikiwa nyingi kuliko mwanzo lakini chache kuliko DMSO, dawa inapunguza kasi ya kukua. Watu wengi huandika "inaua" kwa vyote viwili.

Kwa dondoo ghafi, kipimo kinachotumika sana, kilichoanzia taasisi ya saratani ya Marekani, ni IC50 isiyozidi mikrogramu 20 hadi 30 kwa mililita. Mikrogramu 150 haistahili kuitwa nguvu.

Rudia jaribio zima mara tatu, siku tofauti na seli zilizohamishwa upya. Visima vitatu vya pleti moja ni jaribio moja.

## Hatua ya 11: Seli za kawaida ndizo zinazoamua

Pima dozi zilezile kwenye MCF-10A. Gawa IC50 ya seli za kawaida kwa IC50 ya saratani. Ikiwa 60 kwa 15, jibu ni 4, na dondoo linachagua. Ikiwa 12 kwa 12, jibu ni 1: umepata sumu ya kila kitu.

Ndulele ni mfano mzuri wa kujifunzia. Ina glikoalkaloidi zinazoua seli za saratani kwa dozi ndogo, na mchoro wake unavutia. Lakini wafugaji wanajua tunda hilo linavyodhuru mifugo. Bila seli za kawaida, ndulele ingeshinda kila shindano. Wengine hutaka uwiano wa angalau 2, wengine 3. Mimi naanza kusikiliza kuanzia 3.

## Hatua ya 12: Thibitisha kwa koloni

Kipimo kimoja hakitoshi, na huhitaji mashine ya gharama kwa cha pili. Panda seli 500 kwenye kila kisima cha pleti ya visima 6. Siku ya pili weka dawa saa 24, kisha iondoe, weka midia safi, subiri siku 10 hadi 14. Gandisha, paka kristali vayoleti ya asilimia 0.5, rangi ileile ya Gram iliyopo kila maabara ya bakteria, suuza, kisha hesabu koloni zenye seli 50 na zaidi.

Kipimo hiki kinauliza swali ambalo SRB haiulizi: baada ya dawa kuondoka, je, seli inaweza tena kuzaa ukoo? Dondoo nyingi zinazong'ara kwenye saa 72 hufeli hapa.

Likifaulu na hapa, ndipo unapoliomba kipimo cha aneksini V ili ujue seli zinakufaje, na ndipo mkemia anapoanza kuligawa kutafuta kiungo chenye nguvu.

## Ripoti iwe na nini

Andika namba ya sampuli ya mmea, mahali na mwezi wa kuchuma, kiyeyushi, asilimia ya dondoo, chanzo cha seli na mara zilizohamishwa, tarehe ya kipimo cha maikoplazma, midia, DMSO ya mwisho, muda, IC50 ya kila jaribio kati ya matatu, uwiano wa seli za kawaida, na usomaji wa visima pacha. Weka pia mimea iliyoshindwa. Mwenzako wa Bukoba au Musoma asipoteze mwaka kwa gome ambalo wewe tayari unajua halina kitu.

Kisha rudi kwa mganga kabla ya kuchapisha. Msomee matokeo kwa lugha yake, pamoja na yale ya sumu. Kama dawa anayoitoa imeua seli za kawaida kwa dozi ileile, anahitaji kulijua hilo kabla ya mhakiki wa jarida, kwa sababu kesho asubuhi kuna mtu atakuja kumwomba kikombe.